Mack hakuulizwa: kisa cha pepo aliyehama kiti

Ukitaka kuelewa kilichompata Alphonso Mackenzie, au Mack kwa kifupi, katika kipindi cha saba cha msimu wa nne wa Agents of S.H.I.E.L.D., tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu shirika la majasusi, anza na neno kiti. Huku Pwani kwetu, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti cha pepo huyo. Pepo hana mwili. Akitaka kusema, kucheza au kudai chake, hana budi kumkalia mtu. Na wanaoyajua mambo haya, swali lao la kwanza ni moja: kwa nini kiti hiki? Kwa nini amkalie fulani, amwache ndugu yake anayelala naye kitanda kimoja?

Nimekitazama kipindi hicho mara nyingi tangu kituo cha televisheni cha ABC kilipokirusha Novemba 29, 2016, na kila mara ni swali hilo linalonirudisha. Jina lake ni "Deals with Our Devils", yaani mapatano na mashetani wetu. Ndani yake mna fuvu linalowaka moto, kitabu cha uchawi, roboti mwenye sura ya mwanamke na watu watatu wasioonekana. Lakini ukiyavua mapambo hayo yote, kisa kinachobaki ni cha mwanamume mpole aliyekaliwa na pepo asiye wake. Nakichambua kwa sababu naamini waandishi wake walipatia jambo ambalo hadithi nyingi za mapepo kwenye televisheni hulikosea, na pia kwa sababu walimwacha mtu mmoja na deni ambalo halikulipwa kwa wakati.

Tumtazame kwanza mwenye pepo. Robbie Reyes, anayeigizwa na Gabriel Luna, ni fundi gereji wa East Los Angeles anayemlea mdogo wake, Gabe, ambaye miguu yake imepooza. Usiku, Robbie huingia kwenye Dodge Charger nyeusi, kichwa chake hushika moto hadi likabaki fuvu, na huyo anayeendesha wakati huo hawi tena Robbie. Ni Ghost Rider, ambaye watu wa tamthilia humwita Rider tu, na kazi yake ni kisasi. Namna alivyompata tunasimuliwa katika kipindi cha sita, "The Good Samaritan". Ndugu hao wawili walikuwa barabarani na gari la anko wao, Eli Morrow. Genge likalimiminia gari risasi likidhani Eli ndiye aliye ndani. Robbie akarushwa nje, akafa. Ndipo akaja mtu wa pikipiki, naye akiwa na fuvu la moto. Robbie, akiwa katikati ya kufa na kupona, akaomba: mdogo wake aokolewe, na waliofanya hivyo walipe. Akakubaliwa ombi lake, akalipokea na lile lililoambatana nalo.

Naomba msomaji alishike neno hilo, akaomba. Robbie ni kiti aliyesema ndiyo. Alisema akiwa maututi, kweli, na hakujua bei yote, lakini alisema.

Kiswahili kina msamiati wa kuvitenganisha viumbe ambavyo Kiingereza cha televisheni huvikusanya chini ya jina moja. Vitabu vya katuni vilivyomzaa Robbie, kazi ya Felipe Smith na Tradd Moore iliyoanza 2014, vilimpa roho ya Eli mwenyewe: anko aliyekufa, muuaji, anayerudi kumwingia mtoto wa ukoo wake. Sisi tungesema ni mzimu, mfu wa nyumbani mwenye madai kwa watu wa damu yake. Tamthilia ikabadilisha. Eli akafanywa mtu hai aliye gerezani, na Rider akawa kitu kingine kabisa, kisicho na ukoo, kinachohama mtu hadi mtu. Huyo ni pepo. Halafu wako akina Lucy Bauer, wanasayansi waliogeuzwa mizuka na majaribio yaliyotokana na kitabu kiitwacho Darkhold; wakikugusa unaugua akili, unaona nyuso za wafu badala ya nyuso za wenzako. Melinda May, jasusi mwenzake Mack, aliugua hivyo mwanzoni mwa msimu, na mwanasayansi Dk. Radcliffe akamponya kwa kuusimamisha moyo wake kisha kuurudisha. Ule ulikuwa ugonjwa, na ulitibiwa kama ugonjwa. May hakuwa kiti cha yeyote.

Mabadiliko hayo kutoka katuni hadi televisheni yanaweza kuonekana madogo, lakini bila hayo kisa cha Mack kisingewezekana. Mzimu wa Eli ungekuwa na shida gani na Mack, asiye damu yake? Mzimu hufuata ukoo. Pepo hufuata kitu kingine, na kipindi cha saba kinatuonyesha ni kitu gani.

Mwisho wa kipindi cha sita, Eli anawasha mtambo unaompa nguvu anazozitaka. Kishindo kinapotulia, Phil Coulson na Leo Fitz, wenzake Mack wa S.H.I.E.L.D., pamoja na Robbie, hawapo. Wenzao wanaamini wamekufa. Kipindi cha saba kinasimuliwa mara mbili: kwanza upande wa walio hai, tukiwaona wakihaha, wakinyamaza, wakikasirikiana, kisha kinarudi nyuma na kutuonyesha kwamba wale watatu walikuwa mumo humo vyumbani muda wote, wamenaswa katikati ya dunia mbili. Wanaona na kusikia, hakuna anayewaona. Coulson anasimama mbele ya May na kuusikia uchungu wake. Fitz anamwona mpenzi wake, Jemma Simmons, akichukuliwa na mkuu wao mpya, Jeffrey Mace, kupelekwa kwenye kazi ya siri, naye hawezi hata kumgusa bega. Kwa jinsi nilivyolelewa, sehemu hiyo inanikaa rohoni kuliko mapigano yote. Sisi husema maiti husikia vilio vya msibani. Hapa watatu hao wanasikia msiba wao wenyewe.

Na wanazidi kuvutwa. Chini yao kuna giza linalowanyonya, na Rider, aliye ndani ya Robbie, anajua giza hilo ni la wapi. Hataki kurudi huko.

Hapa ndipo waandishi walipopatia. Katika hadithi nyingi za aina hii pepo ni nguvu tu: haogopi, hachoki, hana anachokitaka isipokuwa uovu. Rider wa kipindi hiki ana hofu. Ana mahali alikotoka na asikotaka kurejea. Ana hesabu zake na watu. Kwa hiyo jahazi linapoanza kuzama analihama, anamwacha Robbie hukohuko kwenye giza, na kumwingia mtu aliye upande wa walio hai. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze tunamwona Robbie akiwa Robbie peke yake, kijana wa gereji asiye na moto, amesimama kati ya watu wasiomwona.

Rider amekwenda kwa Mack.

Kwa nini Mack? Palikuwa na Daisy Johnson, na yeyote aliyekuwa akifuatilia msimu huo angemtaja Daisy kwanza. Alimpoteza mpenzi wake, Lincoln Campbell, mwishoni mwa msimu wa tatu. Alikuwa ameondoka kazini, amejitupa mitaani, anapigana kama mtu anayeitafuta ajali. Alikuwa karibu na Robbie kuliko wote. Kama pepo huyu hufuata uchungu tu, pale palikuwa na uchungu wa kutosha.

Mimi naisoma hivi. Uchungu wa Daisy ulikuwa na mlango. Kila mtu aliujua, kila mtu aliutaja, naye mwenyewe aliutoa nje kila siku kwa ngumi na kwa ukaidi. Uchungu wa Mack ulikuwa umefungiwa. Huyu ni yule jitu la watu, fundi mitambo, mcha Mungu, anayewatuliza wengine na kuwaambia warudi nyumbani wakalale. Miaka miwili tulikuwa naye, na hatukujua alichokuwa amekibeba. Wazee wa uganga watakuambia pepo hupenda kiti kilichonyamaza, kwa kuwa huko ndiko kuna maneno mengi ya kusemewa. Mwanamke aliyevumilia miaka ishirini bila kuinua sauti, siku akipandisha, husema yote kwa sauti isiyo yake, na hakuna anayeweza kumlaumu, kwani si yeye aliyesema. Rider alimkuta Mack amejaa na hajawahi kumwaga.

Kuna jambo la pili ambalo mtazamaji wa tangu zamani hapaswi kulisahau, na nashangaa jinsi linavyotajwa mara chache. Hii haikuwa mara ya kwanza kwa Mack kunyang'anywa mwili wake. Desemba 2014, katika msimu wa pili, aliteremshwa kwenye shimo chini ya San Juan, Puerto Rico, kuutafuta mji uliozikwa wa Kree, viumbe kutoka sayari nyingine. Akaigusa michoro ya sakafuni na kitu kikamwingia. Akageuka mlinzi wa mahali pale, macho mekundu, akawapiga rafiki zake mwenyewe. Alipopona alikuwa na hasira ya haki. Alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba Coulson aliwaingiza watu kwenye mambo ambayo haelewi mwisho wake, na kutokumwamini kwake Coulson kulienda mbali sana kabla hawajapatana. Yaani huyu ni mtu anayejua ladha ya kuzinduka na kuambiwa mikono yako imefanya nini. Kisha inatokea tena.

Kwa hiyo Mack anaondoka na moto kichwani kwenda kulipiza visasi. Elena Rodriguez, anayempenda, hawezi kumzuia. Daisy anamfuata. Na Robbie, asiyeonekana na yeyote, naye anafuata, kwa sababu anamjua anayemfuata kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nikiheshimu kipindi hiki. Robbie hamfukuzi Rider. Hamwekei msalaba, hamwagii maji, hampigi. Anajadiliana naye. Anamwambia, kwa maana yake, kwamba bado kuna kazi yangu haijaisha, ya Eli. Nirudie tuimalize, na baada ya hapo madeni yako wewe nitakulipia, yote. Rider anakubali. Anamshuka Mack, anarudi kwa mwenyewe.

Nililelewa Ngamiani, Tanga, katika nyumba iliyotazamana na ya mama mmoja mwenye pepo. Sisi watoto tulifukuzwa ngoma ilipoanza, lakini mlango wa uani ulikuwa na ufa. Nakumbuka harufu ya ubani, kanga zilizotandikwa, na fundi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akimuuliza yule aliyekuwa amepanda: Nani wewe? Umetoka wapi? Unataka nini? Hakumpigia kelele. Alimkaribisha kama mgeni aliyekuja usiku. Mgeni akajibu kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yule, akataja atokako, akataja anachotaka, pete na kitambaa cha rangi fulani na ngoma kwa mwaka mara moja. Wakavutana bei. Fundi akasema pete tutampa, ngoma hatuna uwezo kila mwaka. Wakapatana. Pepo akashuka. Kupunga pepo, kwa wazee wale, kulikuwa ni kupatana naye, ili kiti na mkaaji waishi bila kuumizana.

Leo maeneo mengi njia inayosikika zaidi ni nyingine. Kanisani mchungaji anamkemea pepo mchafu kwa jina la Yesu, toka. Kwa masheikh kuna kisomo cha ruqya. Sibishani na imani ya mtu, na Mack mwenyewe, Mkristo, pengine angeichagua njia ya kwanza kama angekuwa na nafasi ya kuchagua. Ninachosema ni kwamba hadithi za mapepo kutoka Marekani karibu zote zimejengwa juu ya neno toka. Kipindi hiki kimejengwa juu ya swali unataka nini. Ndiyo maana kilipofika kwangu hakikuwa kigeni. Nilimsikia yule fundi wa Ngamiani.

Hata jina lake linasema hivyo, na halimhusu Robbie peke yake. Kila mtu kipindini anapatana na shetani wake. Mace amempa Simmons kazi ya siri ili kutimiza makubaliano yake na seneta anayewachukia Inhumans, watu wenye nguvu zisizo za kawaida. Radcliffe na May wanaamua kulifungua Darkhold, kitabu kinachomharibu kila anayekisoma, kwa kuwa hawana njia nyingine ya kuwarudisha watatu wale. Wanampa Aida akisome, yule roboti aliyeundwa na Radcliffe, kwa hoja kwamba mashine haina nafsi ya kuharibiwa. Aida anasoma, anajenga mlango wa mwanga, Coulson na Fitz wanarudi. Furaha ya dakika moja. Bei yake italipwa msimu mzima.

Sasa lile deni.

Robbie alisema ndiyo. Katika mapatano mapya Robbie amesema ndiyo tena, na Rider pia. Pande mbili zimekubaliana, zimepeana ahadi, zimeachana na kurudiana. Waliyepatana juu ya kichwa chake ni Mack, naye hakuulizwa wakati wa kukaliwa wala wakati wa kuachwa. Yule mama wa Ngamiani, fundi alipokuwa akivutana bei, ndugu zake walikuwa wamekaa pembeni yake, na kila jambo lilipokubaliwa walitazamana kwanza. Mwenye kiti ana watu wake. Mapatano ya Robbie na Rider ni kama watu wawili wanaogawana nyumba huku mwenye nyumba amelala.

Siwalaumu wahusika. Robbie hakuwa na wakati, giza lilikuwa likimvuta. Nawalaumu waandishi kidogo, kwa mapenzi, kwa sababu kipindi kinachofuata, "The Laws of Inferno Dynamics" cha Desemba 6, 2016, kina haraka ya kumfikia Eli na kuufunga mkondo huo. Na kinaufunga vizuri: Robbie, akiwa Rider, anamkamata Eli na kuzama naye upande wa pili, mahali palepale ambapo Rider alikuwa amekimbia asirudi. Ukilifikiria, ni malipo ya ajabu kwa pepo aliyemhama kijana kwa hofu ya shimo; safari hii wanaingia pamoja. Mkondo wa Robbie umekamilika. Wa Mack umeachwa wazi.

Kwa yule mama wa jirani, kazi kubwa ilianza pepo aliposhuka. Wanawake walimfunika kanga, wakamnywesha maji, wakamuuliza, wajua uko wapi? Yeye hakujua alichosema. Ni wao waliomsimulia, taratibu, wakichagua maneno, na katika kumsimulia ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza alichokuwa amekibeba mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nilidhani ngoma ndiyo tiba. Siku hizi nadhani tiba ilikuwa ile saa ya kanga na maji.

Mack anaipata saa hiyo kwa kuchelewa. Inabidi tungoje hadi kipindi cha 13, "BOOM", kilichorushwa Februari 7, 2017, ndipo anapomweleza Elena kisa kizima: yeye na aliyekuwa mke wake walipata binti wakamwita Hope, yaani Tumaini, na mtoto aliishi siku chache tu. Kila mwaka siku yake ikifika, anaikumbuka. Henry Simmons, mwigizaji wa Mack, anaiigiza sehemu hiyo bila machozi mengi, kwa sauti ya mtu anayefungua sanduku ambalo bawaba zake zimeshika kutu. Ukishaisikia, rudi ukatazame kipindi cha saba tena. Utaona kwamba Rider alikuwa ameingia chumba hicho miezi miwili kabla ya Elena. Pepo alijua kabla ya mchumba.

Hilo linaniuma, na naona waandishi walitaka liume. Lakini naona pia kwamba wangeweza kumpa Mack dakika tatu zaidi usiku uleule, dakika tatu za mtu anayekaa kitako sakafuni mikono inanuka moshi, asijue aanzie wapi. Aliyekwisha kunyang'anywa mwili San Juan alistahili kuulizwa safari hii umeonaje, unaogopa nini, alikuonyesha nini.

Wapo wanaosema tamthilia za mashujaa hazina nafasi ya mambo hayo, kwamba mtazamaji anataka moto na magari. Sikubaliani, na ushahidi ni msimu huuhuu. ABC waliusogeza hadi saa nne usiku, na waandishi wakautumia usiku huo kuingia kwenye hofu na majuto kuliko walivyowahi. Msimu wenyewe waliugawa mikondo mitatu, vipindi vinane vya Rider, saba vya roboti, saba vya mwisho ndani ya ulimwengu wa kompyuta uitwao Framework. Wengi huitazama kama hadithi tatu. Mimi naiona moja, na uzi unaoishona ni Mack na jeraha lake.

Kwani ni nani anayeutawala ulimwengu ule wa Framework? Ni Aida, aliyepewa Darkhold usiku uleule Rider alipompanda Mack. Ndani ya ulimwengu huo kila aliyetekwa ameondolewa jutio moja, lile kubwa kuliko yote. Kwa Mack, Hope hakufa. Ana umri wa kwenda shule, ni mwerevu kama baba yake, wana nyumba. Rider alilitumia jeraha kama mlango wa kuingilia. Mashine ikaja na kulifunga kwa kumpa alichokipoteza. Vyote viwili vilimkalia, na mara zote mbili hakuulizwa. Tofauti ni kwamba mara ya pili hakutaka kuachwa.

Msimu unaishia Mei 16, 2017, na "World's End". Robbie anarudi kutoka kule alikozama, na Rider ndani yake bado. Aida amejipatia mwili wa kibinadamu na nguvu zinazowashinda wote. Na hapo Rider anahama tena. Safari hii anaingia kwa Coulson, na mambo ni tofauti na yale ya Mack, kwa kuwa Coulson amejitoa mwenyewe. Anamsogelea Aida akiwa na sura yake ya kawaida, kisha fuvu linawaka, na Aida anateketea. Viti vitatu kwa msimu mmoja: mmoja aliomba, mmoja alichukuliwa, mmoja alijitoa. Bei ya Coulson tunaijua msimu uliofuata. Moto wa Rider uliunguza ile dawa ya Kree iliyokuwa imemshikilia hai tangu alipouawa mwaka 2012, akawa mtu anayehesabu siku. Alijua anaingia wapi. Alipoishiwa nguvu, aliyekuja kushika uongozi baada yake alikuwa Mack.

Lakini sitaki kumrukia Mack mkurugenzi, kwa sababu katika kipindi kilekile ambamo Coulson anajitoa kuwa kiti, Mack yuko kwingine kabisa. Yuko ndani ya Framework na ulimwengu ule unafutika, jirani mmoja mmoja, mtaa mmoja mmoja. Anajua ni wa uongo. Wenzake wote wametoka na amegoma kutoka. Amekaa chumbani na binti yake. Elena amemfuata huko ndani, akihatarisha kutorudi, amtoe.

Anamwambia nini? Kama ni neno toka, Mack asingesikia; pepo aliyemshika ni mtoto wake mwenyewe. Elena hamvuti mkono. Anakaa naye. Usiku wa Rider hapakuwa na aliyekaa pembeni yake, na sasa yupo mmoja, hana kanga wala maji, anangoja tu pamoja naye. Hope anatoweka akiwa na baba yake, katikati ya mazungumzo. Mack anazinduka duniani, na Elena yuko hapo.